Pumzi, Neva na Presha: Yoga Inaufanyia Nini Moyo



Mwaka 1935 daktari wa moyo kutoka Ufaransa, Thérèse Brosse, alifunga safari kwenda India akiwa na mashine ya kupima umeme wa moyo. Ulaya kulikuwa kumeshavuma habari kwamba huko wako mayogi wanaoweza kuusimamisha moyo wakitaka, na kuuamsha tena wakitaka. Brosse aliwapima baadhi yao, akarudi na michoro ambamo mapigo yalionekana kunywea hadi karibu kutoweka. Kisa kikasimuliwa miaka mingi, na kila msimulizi akakiongezea chumvi.

Walioliendea jambo hili kwa subira ni Marion Wenger na Basu Bagchi, waliotoka Marekani, pamoja na B. K. Anand wa New Delhi. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1961. Waliwatafuta waliosifika kwa kusimamisha moyo, wakawafunga nyaya, wakawaomba waonyeshe. Ni kweli, aliyeshika kifundo cha mkono alikuta mapigo yamepotea, na aliyeweka kifaa cha kusikilizia kifuani hakusikia kitu. Lakini karatasi ya mashine iliendelea kutoka na mistari yake, pigo baada ya pigo. Moyo ulikuwa kazini muda wote.

Kumbe yogi alikuwa amevuta pumzi, akafunga koo, akakaza misuli ya tumbo na mbavu. Shinikizo ndani ya kifua likapanda, vena kubwa zinazorudisha damu zikabanwa, na moyo ukawa unapiga ukiwa karibu mtupu. Pigo lisilo na damu ya kutosha halifiki mkononi, nayo ngurumo ya misuli iliyokazwa hufunika sauti ya moyo. Mama aliyejifungua amewahi kufanya hivyo mkunga alipomwambia asukume. Mwenye choo kigumu hufanya hivyo kila asubuhi, wala hakuna daktari anayesafiri kutoka Ufaransa kuja kumpima. Vitabuni mbinu hii huitwa kwa jina la Antonio Valsalva, mwanaanatomia wa Bologna aliyefariki mwaka 1723.

Hata hivyo, ripoti hiyohiyo ina jambo ambalo wenye kukejeli huliruka. Mmoja wa waliopimwa alitumia njia nyingine, na moyo wake ulipunguza mwendo waziwazi. Hakuna anayeuamuru moyo moja kwa moja kama anavyouamuru mkono, hilo tulimalize. Ila mlango wa pembeni upo, nao ni pumzi, kwa sababu kupumua ni kazi ambayo mwili huifanya wenyewe tukiwa usingizini na bado tunaweza kuishika mikononi mwetu tukiamka. Karibu yote nitakayosema jioni hii yanapita kwenye mlango huo.

Moyo una chanzo chake cha umeme, kipande kidogo cha tishu kilicho juu ya chumba cha kulia. Kikiachwa bila neva yoyote, kingepiga karibu mara 100 kwa dakika. Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa moyo, ambao neva zake zilikatwa wakati wa upasuaji, huwa na mapigo ya haraka hata akiwa amejilaza. Sisi tuliokaa hapa tuna 60, 70 au 80 kwa sababu iko neva inayoushikilia moyo usikimbie. Inaitwa vagasi. Hutoka kwenye shina la ubongo, hushuka shingoni, hupita kifuani na kufika tumboni. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha kwa mioyo ya vyura kwamba neva hii hutuliza moyo kwa kumwaga kemikali, na mwaka 1936 akashirikiana na Henry Dale kupokea Tuzo ya Nobel. Upande wa pili ziko neva za simpathetiki, zile za hatari na haraka. Hizi huukimbiza moyo na pia, jambo ambalo ndilo kubwa kwa presha, hukaza kuta za mishipa midogo ya damu mwili mzima. Mishipa ikikazwa, damu ileile inapita mahali palipobana, na namba ya mashine inapanda.

Pande hizi mbili hupokea habari kutoka sehemu moja. Kwenye ateri za shingo, pale zinapogawanyika chini ya taya, na kwenye upinde wa aota, ziko ncha za neva zinazohisi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Presha ikipanda, ncha hizo hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na jibu hurudi kabla hujajua: vagasi iongezewe nguvu, simpathetiki ipunguzwe. Ikishuka, amri inageuka. Ukiinuka kitandani ghafla usianguke kwa kizunguzungu, ni mfumo huu umekushika.

Nyumba zenye tangi la maji huwa na boya linalofunga maji tangi likijaa. Wengi hudhani mwenye presha ya kupanda boya lake limekufa. Halijakufa. Limepandishwa. Limezoea kiwango cha 160 na linakilinda kama lilivyokuwa likikilinda kile cha 120. Tena limekuwa zito, haliitikii upesi, hasa kuta za ateri zikishakakamaa kwa umri. Figo nazo, zinazoamua chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini, zimeshahamia kwenye hesabu mpya. Kwa hiyo kushusha presha kwa nusu saa ni rahisi mno. Hata usingizi wa mchana huweza. Kazi ni kuishusha ikae, kwa kuwa mwili wenyewe unaivuta irudi juu. Shikeni hilo, maana ndilo kipimo cha kila dai mtakalosikia kuhusu yoga, au kitunguu saumu, au majani ya mti wowote.

Sasa naomba kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, atafute mapigo. Vuta pumzi ndefu. Toa taratibu. Rudia. Vijana watahisi mapigo yakikazana wakivuta na kulegea wakitoa. Wazee wenzangu huenda wasihisi tofauti. Hali hiyo hufifia na umri, msishtuke. Maana yake ni kwamba ukivuta pumzi vagasi inaachia kidogo, na ukitoa inashika. Anayerefusha kutoa pumzi anairefushia vagasi zamu yake.

Liko jambo jingine, na kwangu ndilo tamu zaidi. Taarifa kutoka shingoni hufika ubongoni upesi, lakini misuli ya ukuta wa mishipa huitikia amri kwa kujivuta, inachukua sekunde kadhaa. Kwa sababu ya kuchelewa huko, presha ya kila mtu hupanda na kushuka kidogo, mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 10, usiku na mchana. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo mawimbi ya pumzi na mawimbi ya presha hupishana. Akipunguza hadi mara 6 kwa dakika, kila pumzi inachukua sekunde 10. Mawimbi mawili yanakutana, yanakuwa makubwa, na ule mfumo wa udhibiti unalazimika kwenda mwendo wake wote, juu na chini, pumzi baada ya pumzi. Ni mazoezi ya viungo, ila kiungo chenyewe hakionekani.

Luciano Bernardi na wenzake, kutoka Pavia nchini Italia, walichapisha mwaka 2001 utafiti mdogo unaopendeza. Watu 23 wenye afya njema waliombwa wasali Salamu Maria kwa Kilatini, kwa mtindo wa rozari, na wakati mwingine wataje mantra ya om-mani-padme-om. Kila mara upumuaji wao uliteremka hadi karibu mara 6 kwa dakika, kwa sababu maneno yenyewe, yakitamkwa kwa utaratibu wake, yanajaza sekunde 10. Wepesi wa mfumo wa kudhibiti presha ukaongezeka kwa rozari na kwa mantra vilevile. Watafiti hao walikumbusha kwamba huenda rozari ilifika Ulaya kupitia wapiganaji wa Vita vya Msalaba, walioiga kwa Waarabu, nao Waarabu wakiwa wameipata kutoka upande wa Tibet na India. Historia hiyo siiapii. Lakini ninapoulizwa, na huulizwa sana katika miji yetu ya pwani, kama Mwislamu au Mkristo anaweza kufanya zoezi la pumzi asionekane ameingia dini ya watu, huwa nataja utafiti huu. Vagasi haijui Kilatini wala Kisanskriti. Inajua sekunde.

Mwaka 2005 kundi la Bernardi lilirudi, safari hii na wagonjwa wa presha. Walipopumua mara 6 kwa dakika, namba ya juu ilishuka kutoka karibu 150 hadi 141 ndani ya dakika chache. Sawa, lakini tumeshasema: dakika chache si kitu. Swali ni kama anayefanya hivyo kila siku kwa wiki na miezi analiteremsha boya lenyewe.

Wahindi walianza kuliuliza mapema. Swami Kuvalayananda alifungua kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla mwaka 1924 kwa shabaha ya kuipeleka yoga maabara, na mwaka huohuo akaanzisha jarida la kuchapisha vipimo vyake. Mwaka 1969 daktari wa moyo K. K. Datey na wenzake wa Bombay wakachapisha habari za wagonjwa 47 waliofundishwa mkao mmoja tu, shavasana. Mgonjwa hulala chali, miguu imeachana kidogo, viganja vimeelekea juu, macho yamefumbwa, akisikiliza pumzi yake inavyoingia na kutoka polepole. Jina lake maana yake ni mkao wa maiti, na ukiutazama huoni mtu akifanya lolote. Presha za wengi zilishuka, na baadhi wakapunguziwa dawa.

Kisha akaja Chandra Patel, daktari wa familia aliyefanya kazi London. Mwaka 1973, katika jarida la Lancet, alieleza wagonjwa 20 aliowafundisha kulala na kulegeza mwili kwa njia ya yoga, huku kifaa kikiwalilia kwa mlio uliopungua kadiri walivyotulia. Watano waliacha dawa kabisa. Saba walipunguza. Wanne walidhibitiwa vizuri zaidi kuliko mwanzo, na wanne hawakufaidika. Namheshimu Patel kwa kuwaandika hao wanne wa mwisho. Ripoti nyingi za tiba mbadala hazina watu wa aina hiyo.

Wenzake walimpinga, na kwa haki. Walisema mgonjwa anayepewa muda na daktari mpole hushuka presha hata asipofundishwa kitu. Patel akawajibu kwa jaribio. Mwaka 1975 yeye na mwenzake North waligawa wagonjwa 34 kwa bahati nasibu. Nusu ya kwanza ilifundishwa yoga kwa wiki 6. Wengine walikuja kliniki vilevile, wakalala kitandani vilevile, ila hawakufundishwa mbinu yoyote. Waliofundishwa walishuka kutoka 168/100 hadi 141/84. Wasiofundishwa walishuka kutoka 169/101 hadi 160/96. Hapo nawaomba mtulie na hesabu. Namba ya juu ya kundi la kwanza ilipungua 27, lakini kundi la pili, lililolala tu, lilipungua 9. Kwa hiyo sehemu ya zile 27 ingekuja hata bila yoga, kwa kuzoea kliniki na kwa sababu aliyechaguliwa siku presha yake iko juu sana ana nafasi kubwa ya kukutwa chini kidogo siku nyingine. Anayekuletea ushuhuda wa shangazi yake aliyeshuka kutoka 180 hadi 150 muulize, kwa upole, shangazi mwingine yuko wapi. Baadaye Patel aliwafundisha na wale waliobaki, wakashuka wakawafikia wenzao.

Majaribio yaliyofuata yamekuwa mengi, na namba zimepungua unene, kama kawaida ya utafiti unapokua. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyojumlisha majaribio 49, yalikuta kwa wastani yoga inashusha namba ya juu kwa 5 na ya chini kwa karibu 4. Kwa wenye presha waliofanya mara 3 kwa wiki, na ambao mafunzo yao yalikuwa na mazoezi ya pumzi na utulivu wa akili, upungufu ulifika 11 kwa 6. Mengi ya majaribio hayo yana kasoro: makundi madogo, muda mfupi, na mshiriki hawezi kufichwa kama anafanya yoga au hafanyi. Mimi huipunguza namba hiyo kichwani kabla ya kumwambia mgonjwa. Ila hata 5 siidharau. Kidonge kimoja cha presha kwa dozi ya kawaida hushusha takriban 9. Na uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila 5 inayoshuka kwenye namba ya juu hupunguza kwa karibu asilimia 10 hatari ya kiharusi, shambulio la moyo na matatizo makubwa mengine ya aina hiyo.

Lipo jaribio moja la Ujerumani la mwaka 2018 ambalo naona halijasikika inavyostahili. Wagonjwa 75 waliokuwa tayari kwenye dawa waligawanywa makundi matatu: wa yoga yenye mikao, wa yoga ya pumzi na utulivu bila mikao, na waliosubiri zamu. Baada ya wiki 12, presha iliyopimwa mfululizo kwa saa 24 ilikuwa chini zaidi kwa wale wasiokunja mwili. Ni jaribio dogo, silifanyi msahafu, lakini linakubaliana na fiziolojia niliyoeleza. Tangu Umoja wa Mataifa uitangaze tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, azimio la Desemba 2014, magazeti yetu nayo huchapisha kila mwaka picha za watu waliojipinda. Mtu aliyelala chali akihesabu pumzi hapendezi kwenye picha. Mhariri humkata.

Na ukishapita presha kwenda kwenye moyo wenyewe? Hapa India ilifanya jambo kubwa. Jaribio la Yoga-CaRe liliwachukua wagonjwa 3,959 waliotoka kupata shambulio la moyo, katika hospitali 24, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Nusu walipewa mafunzo ya yoga ya kurudisha afya, nusu elimu ya kawaida. Wa yoga walijisikia vizuri zaidi na wengi wao walirudi kwenye shughuli zao za zamani. Lakini vifo, mashambulio mapya, viharusi na kulazwa kwa dharura havikupungua kwa kiasi ambacho mtafiti mwaminifu angeweza kukiita ushindi. Watafiti waliandika hivyohivyo, na jaribio lilifanyika India, nchi yenyewe ya yoga. Anayewaambia yoga huzibua mishipa ya moyo iliyoziba amewazidi hao kwa ujasiri tu.

Nije kwenye tahadhari, kwa sababu ndani ya neno moja yoga kuna vitu vinavyoivuta presha pande tofauti. Mikao ya kusimama huku misuli ikikazwa muda mrefu hupandisha presha wakati ule unaoishikilia. Kuzuia pumzi kwa kukaza kifua ni ileile mbinu ya mayogi wa mwaka 1961: presha hushuka ghafla halafu, pumzi ikiachiwa, huruka juu. Zile pumzi za haraka za kusukuma tumbo, zinazoitwa kapalabhati na bhastrika, huamsha upande wa simpathetiki. Mwenye presha isiyodhibitiwa aziache. Kusimama kwa kichwa ni kubaya zaidi kwa jicho, ambamo shinikizo limepimwa likiongezeka karibu maradufu. Mwenye presha ya macho, au retina iliyokwisha kuharibiwa na kisukari, asithubutu hata mwalimu akimsifu. Mjamzito mwenye presha aende kwanza kliniki. Na anayemeza dawa kisha akaanza mazoezi, akaona kizunguzungu akiinuka, huenda presha imeshuka kupita kiasi. Daktari ndiye wa kupunguza dozi, wala asiiache mwenyewe kwa furaha ya wiki mbili. Dawa ya presha ikikatizwa, namba hurudi bila kupiga hodi, na kwa baadhi ya dawa hurudi kwa kishindo.

Kinachobaki ni cha kufanya, na hakihitaji mkeka wa bei wala nguo za kubana. Kaa kwenye kiti au lala chali. Vuta pumzi kwa pua, tumbo likiinuka kabla ya kifua, ukihesabu hadi 4. Itoe ukihesabu hadi 6, bila kuisukuma, mpaka iishe yenyewe. Usiizuie katikati. Ukiona kichwa kinakuwa chepesi au vidole vinakufa ganzi, unavuta hewa nyingi kuliko inavyohitajika. Vuta kidogo zaidi, mwendo ubaki uleule. Anza na dakika 5, fika 15, kila siku, saa ileile. Wanaosali wanaweza kuifuatanisha na ibada yao, maana tayari wameketi.

Halafu pima. Uwe na mashine ya mkono wa juu, iliyo na mkanda unaokutosha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hukupa presha usiyo nayo. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na uwe umeshaenda haja ndogo. Kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini bila kuipandanisha, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Usipime mara tu unapomaliza zoezi la pumzi: namba hiyo itakuwa nzuri na haitakuambia lolote kuhusu saa nyingine 23. Andika zote kwa wiki nzima kabla hujaanza zoezi, kisha wiki nzima baada ya miezi mitatu, pamoja na zile ulizotamani usizione, na daftari hilo uende nalo kliniki.